Ziada Ruksa, Faida Marufuku: Kesi za Ada Nchini India

Msichana mmoja wa Meerut, kaskazini mwa India, aliomba kusomea udaktari katika chuo binafsi jimboni Karnataka. Akaambiwa ada ni rupia 60,000 kwa mwaka. Waliopata viti vya serikali, yaani nafasi za ada nafuu, chuoni humohumo walilipa 2,000, na wenyeji wa Karnataka wasio na viti hivyo 25,000. Familia yake haikuzimudu. Akaenda Mahakama ya Juu.

Julai 1992 majaji wawili walikubaliana na hoja yake, ingawa hawakuagiza apewe nafasi chuoni: elimu ni sehemu ya haki ya kuishi, na kuuza nafasi za masomo ni haramu. Wenye vyuo wakapiga kelele. Februari 1993 jopo la majaji watano likapunguza makali ya hukumu hiyo, likagawa viti nusu kwa nusu: nusu kwa ada ya serikali, nusu kwa ada kubwa ya kufidia ile ndogo. Kwenye karatasi mpango ulipendeza. Lakini viti vya bei nafuu vilitolewa kwa alama za mtihani, na alama nzuri mara nyingi zilikuwa za watoto wa mjini waliosoma shule za gharama. Maskini akajikuta anamlipia tajiri.

Oktoba 2002 majaji 11 waliufuta mpango huo. Kuanzisha shule, walisema, ni shughuli halali inayolindwa na Katiba, na mwenye shule ana haki ya kupanga ada yake. Anaruhusiwa kubaki na ziada ya wastani ya kupanua shule. Asichoruhusiwa ni kuvuna faida kupita kiasi. Ziada inaishia wapi na ulanguzi unaanzia wapi? Hawakutaja kiwango, na kesi karibu zote zilizofuata zimezunguka hapo.

Delhi ilikuwa na balaa lake. Sheria ya elimu ya mwaka 1973 inazitaka shule binafsi zinazotambuliwa zisiwalipe walimu chini ya mishahara ya serikali. Kwa hiyo serikali ikiongeza mishahara, wazazi hujiandaa kwa barua ya ada mpya. Ndivyo ilivyokuwa mwishoni mwa miaka ya 1990, na mzozo ukapanda hadi Mahakama ya Juu. Aprili 2004, kwa majaji wawili dhidi ya mmoja, iliamuliwa kwamba Mkurugenzi wa Elimu ana mamlaka ya kudhibiti ada, na kwamba mchango wa maendeleo usizidi asilimia 15 ya ada ya masomo. Aidha, shule nyingi zilikuwa zimepewa viwanja vya umma kwa bei ya kutupa. Mahakama ikaagiza zichunguzwe kama zinatimiza masharti ya viwanja hivyo.

Kisha ikaja korona. Huko Rajasthan, serikali ya jimbo iliamuru ada zikatwe kwa mwaka wa masomo 2020/21, shule zikaenda mahakamani. Mei 2021 Mahakama ya Juu ilitupa amri hiyo, kwa kuwa jimbo halikuwa na mamlaka ya kuitoa chini ya sheria ya maafa, lakini ikaiacha hai sheria ya jimbo ya 2016 inayounda kamati za ada za wazazi, walimu na uongozi wa shule. Halafu majaji wakafanya hesabu yao wenyewe: majengo yakifungwa, shule huokoa umeme, maji, mafuta na matengenezo. Wakaamuru punguzo la asilimia 15, na mtoto asifungiwe masomo ya mtandaoni kwa sababu ya deni.

Agosti 2025 Bunge la Delhi lilipitisha sheria mpya inayozibana shule zote binafsi, hata zisizokaa kwenye viwanja vya umma. Lakini mzazi mmoja mwenye malalamiko hatoshi. Ili pingamizi dhidi ya ada lisikilizwe, lazima kwanza akusanye asilimia 15 ya wazazi walioguswa.