Mkaa Mbadala wa Nini?

Jina “mkaa mbadala” halisemi ndani kuna nini. Linasema tu kwamba huu si ule mkaa wa magogo yaliyochomwa porini tanurini. Vipande viwili vyeusi vyenye tundu katikati vinaweza kukaa kwenye meza moja ya muuzaji, kimoja kimetokana na vifuu na magunzi, kingine na makaa ya mawe, na vyote vikaitwa mkaa mbadala. Mimi nasoma historia, na naona utata huo ulikuwepo tangu mwanzo.

Mwaka 1848 William Easby wa Marekani alipata hataza ya kushindilia vumbi la makaa ya mawe liwe mabonge. Vumbi hilo lilikuwa taka ya migodini, na yeye aliona pesa ndani yake. Mimea iliingia baadaye. Katika miaka ya 1920 kiwanda cha mbao cha Henry Ford huko Michigan, kilichotengeneza sehemu za mbao za magari ya Model T, kilikuwa kikibakiza malundo ya vipande na unga wa mbao. Kwa njia aliyoibuni mkemia Orin Stafford, mabaki hayo yaligeuzwa mkaa, yakasagwa, yakachanganywa na wanga na kushindiliwa. Wauzaji wa magari ya Ford wakauza na mkaa.

Ford hakuwa anaokoa msitu. Alifanikiwa kwa sababu taka ilikuwa tayari imerundikana uani kwake, na hakumlipa mtu kwenda kuiokota.

Kwetu taka ya mimea imetawanyika. Magunzi yako kila shamba, vifuu viko pwani, pumba za mpunga ziko kwenye mashine za kukobolea. Lazima zikusanywe, zichomwe ndani ya pipa lenye hewa kidogo ili zisiishie kuwa majivu, zisagwe, zichanganywe na uji wa muhogo, zishindiliwe, kisha zianikwe juani. Mvua ikinyesha wiki nzima, kazi inasimama. Hata malighafi hazilingani: pumba za mpunga zina majivu mengi, vifuu vinatoa mkaa mgumu unaodumu jikoni.

Kila hatua hapo ina gharama. Mchoma mkaa wa porini naye hutoka jasho, lakini mara nyingi halipii miaka ambayo mti ulitumia kukua. Ndiyo maana mkaa wake unaonekana rahisi.

Serikali imewahi kujaribu kukata mzizi kwa amri. Januari 2006 Tanzania ilipiga marufuku biashara ya mkaa. Bei ikapanda, na marufuku ikaondolewa baada ya muda mfupi. Miaka 3 baadaye, ripoti ya Benki ya Dunia ilikadiria kuwa nchi inatumia takribani tani milioni 1 za mkaa kwa mwaka, nusu yake Dar es Salaam. Jiji la ukubwa huo haliwezi kuambiwa lisipike.

Mwezi Mei 2024 ulizinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Wakati huohuo Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, linauza mkaa mbadala uitwao Rafiki Briquettes, unaotengenezwa kwa makaa ya mawe. Naielewa hesabu yake: mgodi, kama ule uani kwa Ford, una mzigo uliokwisha kurundikana mahali pamoja. Na kila gunia lake linaweza kuuacha mti umesimama leo.

Lakini gunzi lililochomwa mwaka huu hurudisha angani hewa ambayo mhindi uliivuta msimu uliopita, na mhindi wa msimu ujao utaivuta tena. Makaa ya mawe yalilala ardhini mamilioni ya miaka, na hakuna msimu utakaoyarudisha. Tukiviita vyote kwa jina moja, kile chenye malighafi rahisi kukusanya ndicho kitakachobaki sokoni, na mtengenezaji wa vifuu atafunga pipa lake huku sisi tukiamini bado tunanunua kazi yake.

Ningeanza na jambo dogo: gunia liandikwe kilichomo. Kisha ruzuku iende pale penye gharama yenyewe, kwenye kukusanya, ili mwenye kirikuu cha magunzi apate sababu ya kwenda shambani.