Ndege wa kwenye mawe si kwelea

Ndugu mkulima, kabla hujatega sumu shambani, mtazame vizuri yule ndege wa kahawia anayeokota mbegu kwenye miamba. Dume ana kichwa cheusi chenye mistari myeupe. Mwaka 1836 daktari Mskoti, Andrew Smith, alimwandika kitaalamu kusini mwa Afrika kwa jina *Emberiza tahapisi*. Neno la pili ni la Watswana, waliomfahamu kabla yake. Hula mbegu za nyasi, wawili wawili au wachache. Anayemaliza mtama ni kwelea: mdomo mwekundu, makundi makubwa. Huyo hunyunyiziwa kwa eropleni za Shirika la Nzige la Afrika Mashariki, lililoundwa 1962. Ukimwona, wahi ofisi ya kata. Sumu ya kutega huua hata kuku wa jirani.