Sifuri Inayotangulia Namba

Kwenye kompyuta ya Windows, shikilia Alt, andika 156 kwa vitufe vya namba vya upande wa kulia, kisha achia: mara nyingi utapata £. Andika 0163, utapata £ ileile. Sifuri hiyo ya mbele ina historia yake.

Mwaka 1963 Marekani ilitangaza ASCII, mpango wa kuipa kila alama namba. Ulikuwa na nafasi 128 tu, na uliwafaa zaidi Wamarekani wenyewe. Dola ilipewa 36. Paundi haikupewa kitu, wala é ya Wafaransa, wala ñ ya Wahispania. Kiswahili cha herufi za Kilatini kilisalimika, kwani hata ritifaa ya ng'ombe imo, namba 39.

IBM ilipotoa kompyuta yake ya mezani Agosti 1981, nafasi zilifika 256. Paundi ikapata 156, é ikapata 130. Nafasi 48 nzima zilikwenda kwa mistari na vivuli vya kuchorea majedwali, maana programu nyingi za wakati ule zilijenga skrini nzima kwa maandishi. Kibodi haikuwa na vitufe vya alama zote hizo, ndipo Alt ikafungua njia: andika namba yenyewe. Waliozitumia kila siku wakazikariri.

Windows ikaja mwaka 1985 na orodha tofauti. Skrini yake ilichora mistari bila msaada wa herufi, hivyo nafasi nyingi zikaenda kwa lugha za Ulaya Magharibi, na paundi ikahamia 163. Tatizo ni kwamba katika orodha ya IBM, 163 ni ú. Bei iliyoandikwa kwenye Windows iliweza kusomeka kwenye DOS, mfumo wa zamani uliotumia orodha hiyo, ikiwa na ú mahali pa paundi, kosa baya kwenye ankara.

Microsoft ingeweza kuzifuta namba za zamani. Badala yake, namba bila sifuri ikaendelea kusoma orodha ya zamani, na yenye sifuri ikasoma mpya. Nauheshimu sana uamuzi huo: watu waliokwisha kujifunza kazi yao hawakulazimishwa kuanza upya.

Euro, iliyozaliwa mwaka 1999, ilibanwa kwenye nafasi ya 128 ya orodha ya Windows, ndiyo maana huandikwa 0128. Unicode, mpango wa kuzipa namba alama za lugha mbalimbali duniani, uliotoa toleo la kwanza mwaka 1991, sasa una alama zaidi ya 150,000. Humo paundi imebaki 163, lakini euro ni 8364.