Vipepeo wa Visiwa Vilivyohamwa: Ziwa Viktoria, 1909–1914

Katika kamusi kongwe za Kiswahili, neno kipepeo lina maana mbili: mdudu mwenye mbawa pana za rangi, na kifaa kidogo cha kupepelea moto au kujipepea wakati wa joto. Maana zote mbili zinatokana na kitenzi pepea, na zote zinataja mwendo. Lugha ilimtambua mdudu huyu kwa namna anavyokwenda hewani, si kwa rangi zake. Sayansi ya Ulaya ilifanya kinyume. Ilimpa kipepeo jina kwa sura ya mbawa zake akiwa amekufa, amechomwa pini na kutandazwa, na sura hiyo iliwapotosha wataalamu kwa muda mrefu. Mojawapo ya tafiti zilizofichua upotofu huo ilifanywa katika visiwa vya Ziwa Viktoria, mahali ambapo binadamu walikuwa wameondolewa.

Sanaa ya uchoraji ilikuwa na sehemu yake katika upotofu huo. Juzuu tatu za Dru Drury, zilizotolewa London kati ya 1770 na 1782 zikiwa na michoro ya Moses Harris, ni miongoni mwa vitabu vizuri zaidi vya wadudu vya karne ya 18. Humo, mwaka 1782, ndimo alimochapishwa Papilio antimachus, kipepeo mkubwa kuliko wote barani Afrika, kutokana na kielelezo kimoja ambacho Henry Smeathman alikipeleka kutoka Sierra Leone. Kwa takriban miaka 80 wataalamu hawakuwa na kielelezo cha pili cha kulinganisha na mchoro ule. Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi: mdudu mmoja aliyechaguliwa, picha moja, jina moja. Mchoraji hakuwa na sababu ya kuchora ishirini wanaotofautiana kidogokidogo, na hakuna mnunuzi ambaye angelipia ukurasa wa namna hiyo.

Madhara yake yalionekana pale spishi moja ilipokuwa na sura nyingi. Mwaka 1869 Roland Trimen, akiwa Afrika Kusini, alichapisha hoja kwamba majike kadhaa yaliyokuwa yamepewa majina ya spishi mbalimbali yote yalikuwa ya Papilio dardanus. Hoja hiyo haikupokewa kwa urahisi. Hali ilikuwa hivyohivyo kwa Pseudacraea eurytus, kipepeo wa misituni aliyepewa jina na Linnaeus mwaka 1758. Wakusanyaji walipofika Uganda na magharibi mwa Kenya, kila sura mpya ilipewa jina lake. Jina moja lilimtukuza C. W. Hobley, ofisa wa utawala wa kikoloni. Jingine, tirikensis, lilitokana na nchi ya Watiriki. Katika majina hayo msomaji anaweza kufuata njia za msafara wa utawala kwa urahisi kuliko anavyoweza kumjua kipepeo mwenyewe.

Wakati huohuo malale yalikuwa yakiangamiza watu wa kandokando ya ziwa. Waliokufa Buganda na Busoga katika miongo miwili ya kwanza ya karne ya 20 wanakadiriwa kuzidi 200,000. Serikali ya kikoloni, chini ya Gavana Hesketh Bell, iliamua kuwatenga watu na mbung'o: wakazi wa mwambao waliondolewa kwanza, na hadi mwaka 1909 wakazi wa visiwa, vikiwemo vya Ssese, nao walikuwa wakihamishwa. Mashamba yakageuka vichaka, mitumbwi ikakoma.

Mwaka 1911 daktari G. D. Hale Carpenter alianza kazi katika kisiwa cha Damba, na baadaye Bugala, kuchunguza maisha ya mbung'o. Kazi yake rasmi ilikuwa hiyo. Vipepeo aliwakusanya pembeni mwa kazi, akawapeleka Oxford kwa Profesa E. B. Poulton, na huenda hakuna kazi ya pembeni iliyozaa matunda kuliko hiyo katika historia ya sayansi ya Uganda. Carpenter hakutafuta vielelezo vizuri. Alikusanya kwa wingi, akahesabu, na akawafuga viwavi hadi wakatoka vipepeo. Watoto wa mama mmoja walitoka na sura tofauti. Majina yale mengi yakaanguka kwa pamoja: spishi ilikuwa moja.

Hesabu zake zilionyesha jambo la pili, lenye uzito zaidi. Kila sura ya eurytus huiga kipepeo mwingine mwenye ladha mbaya ambaye ndege humkwepa. Karibu na Entebbe, ambako vipepeo hao wanaoigwa walikuwa wengi, sura za waigaji zilikuwa bayana na zile za katikati zilikuwa adimu. Visiwani, ambako wanaoigwa walikuwa wachache kuliko waigaji, sura za katikati zilikuwa nyingi. Maelezo ni kwamba ndege hujifunza kwa kuonja. Anapokutana mara kwa mara na mdudu mchungu, huishika sura yake barabara, na mwigaji asiyefanana vizuri huliwa. Wachungu wanapopungua, somo hufifia, na mwigaji aliyekosea rangi huishi na kuzaa. Wanajenetikia, akiwemo E. B. Ford wa Oxford, walizitumia takwimu hizo kama ushahidi wa uteuzi asilia unaofanya kazi mahali na wakati unaojulikana. Katika maandishi yao kuhamishwa kwa wakazi hutajwa, kama kunatajwa, kwa sentensi moja tu.

Kwa mtafiti wa lugha, kisa hiki kinaibua suala la istilahi. Luganda lina ekiwojjolo, Kinyarwanda kina ikinyugunyugu, Kiswahili kina kipepeo. Yote ni majina ya jumla. Kiswahili hutofautisha kipepeo na nondo, na kina neno kiwavi, lakini kamusi zake hazina jina la eurytus wala la vipepeo anaowaiga. Pendekezo la kutafsiri majina ya Kilatini moja baada ya jingine linaonekana la haraka, lakini lingerudia kosa lilelile la kumpa kila mwenye sura tofauti jina lake. Istilahi zinazohitajika kwanza ni za mahusiano: mwigaji, mwigwa, sura ya katikati. Bila hizo hesabu za Carpenter haziwezi kuelezwa katika ripoti ya Kiswahili inayosomwa na mshauri wa wizara.

Na ripoti hiyo inahitajika sasa. Wakazi walirejea visiwani baada ya mlipuko kupungua, na tangu miaka ya 2000 Bugala imekuwa kiini cha kilimo cha michikichi, kwa mpango wa hekta 10,000: 6,500 za shamba kuu na 3,500 za wakulima wadogo. Sehemu ya msitu imekatwa kwa ajili hiyo. Mkulima wa Kalangala anapata kipato ambacho babu yake aliyehamishwa hakuwahi kukiota, na hoja yoyote ya hifadhi isiyoanza na ukweli huo haitasikilizwa, wala haistahili. Lakini vielelezo vya Bugala vilivyoko Oxford vina tarehe na mahali vilipokusanywa, kwa hiyo hesabu ya 1914 inaweza kurudiwa katika vipande vya msitu vilivyobaki. Safari hii wanaohesabu wanaweza kuwa wakazi wenyewe, na fomu zao zinaweza kuandikwa kwa Luganda na Kiswahili.