Wapagazi, tembo wanne na oili ya gari langu



Mimi nina shahada ya chuo kikuu. Naweza kukuambia bila kufungua kitabu kwamba Burton na Speke waliingia Kazeh, ambayo ndiyo Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857. Naweza kukuambia Mtemi Mirambo alifariki mwaka 1884. Lakini mpaka likizo yangu ya juzi nilikuwa sijui giriboksi ya gari langu mwenyewe inatumia mafuta gani. Ujinga huo nusura unilaze porini baada ya Itigi, na ndio ulionifanya niandike haya.

Kisa chenyewe ni kifupi. Nina Vitz niliyoinunua kwa mkopo, na bado nakatwa mshahara kila mwezi. Kabla ya kutoka Dar es Salaam kwenda Tabora kumwona mjomba, niliipeleka gereji moja, jina naliweka kapuni. Nikawaambia "sevisi ya nguvu, naenda mbali". Wao wakashughulika chini ya gari, mimi nikakaa kwenye benchi nasoma gazeti. Wakabadilisha oili ya injini, wakaniambia na ya giriboksi ni nyeusi, wakabadilisha nayo. Nikalipa, nikashukuru, nikaondoka.

Nilipoipita Manyoni gari likaanza vituko. Nikikanyaga mafuta injini inalia, gari haliendi. Mara linashtuka kama punda aliyepigwa jiwe. Niliingia Tabora usiku wa manane, mwendo wa baiskeli, huku malori yote yananipita.

Mjomba wangu ni mstaafu wa karakana ya reli. Asubuhi baada ya shikamoo na marahaba hakuniuliza habari za Dar. Alilizunguka gari, akainama, akaniuliza:

"Mjomba, giriboksi umeiwekea nini?"

"Oili."

"Oili ipi?"

Nikanyamaza.

"Mtu akikuuliza mwanao anakula nini, utamjibu 'chakula'?"

Tukafungua buti. Bahati nzuri wale jamaa wa gereji waliniachia kidumu chenye mafuta yaliyobaki. Kimeandikwa ATF. Kitabu cha gari kimeandikwa Kijapani mwanzo hadi mwisho, lakini kwenye ukurasa wa giriboksi herufi tatu zinasomeka vizuri kabisa: CVT. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nimesafiri zaidi ya kilometa 800 na sumu ndani ya giriboksi.

Mafuta yanayotakiwa hayakupatikana madukani pale. Tukaagiza Mwanza, yaje kwa basi. Nikawa na siku tatu za kukaa chini ya mwembe na kufikiri. Na ukikaa Tabora ukafikiri habari za safari, lazima utaikumbuka ile njia ya misafara.

Njia ile ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Tabora, kisha ikaendelea mpaka Ujiji. Ni mwendo wa kilometa kama 1,200. Ilipitisha pembe za ndovu, nguo, shanga, chumvi, na aibu kubwa kuliko zote, watumwa. Kutoka pwani mpaka Tabora ilichukua miezi mitatu hivi, wakati mwingine zaidi. Na karibu kila kitu kilibebwa kichwani au begani. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi.

Watu wengi hudhani mizigo ilibebwa na binadamu kwa sababu babu zetu hawakujua njia nyingine. Si kweli. Sababu kubwa ilikuwa mbung'o. Mdudu yule alimmaliza ng'ombe, farasi na punda. Kwa hiyo wapagazi, hasa Wanyamwezi ambao kazi hii waliifanya kama fani, ndio waliokuwa "usafiri" wa uhakika katika nchi hii. Nao walikuwa na taratibu zao. Kirangozi alitangulia mbele. Kisima kilijulikana kiko wapi, na kati ya kisima na kisima ni mwendo gani. Posho ilidaiwa. Mzigo ukizidi, mpagazi aliuweka chini, na msafara mzima ungeweza kugoma.

Wageni wenye fedha walikuja na akili ya kwao. Mwaka 1876 mmisionari Roger Price wa London Missionary Society alijaribu njia ya kutoka Saadani hadi Mpwapwa akiwa na ng'ombe, akaona inafaa kwa mikokoteni kama aliyoizoea Afrika Kusini. Mwaka uliofuata ikaletwa mikokoteni yenyewe kwa safari ya kwenda Ujiji. Ng'ombe wakafa, mpango ukafa nao, mizigo ikarudi mabegani mwa watu.

Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Ubelgiji akaja na kubwa zaidi. Alileta tembo wanne waliofunzwa kutoka India, wakashushwa Msasani, Dar es Salaam. Hebu fikiria Msasani ile, tembo wanashuka kutoka melini! Walipelekwa bara kuelekea Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Tembo mmoja tu ndiye aliyefika Karema, naye hakuishi muda mrefu. Katika sababu zinazotajwa zimo mizigo mizito na lishe haba. Mbung'o peke yake hakutosha kuwa kisingizio. Mnyama mwenye nguvu kuliko wote alishindwa kwa sababu waliomleta hawakuzingatia anakula nini na abebe kiasi gani.

Hapo nikaikumbuka Vitz yangu, nikaona haya.

Hata Livingstone alikwama hapa hapa. Baada ya kuagana na Stanley mwezi Machi 1872, alikaa kwenye tembe la Kwihara, nje kidogo ya mji, mpaka Agosti, akisubiri wapagazi kutoka pwani. Mimi nalalamika siku tatu za basi la Mwanza, mwenzangu alisubiri miezi mitano.

Kisha zikaja mashine. Agosti 1907 Mjerumani Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa gari, akidhamiria kuvuka Afrika mpaka pwani ya Atlantiki. Alifika Swakopmund, Namibia ya leo, Mei 1909. Karibu miaka miwili! Sehemu kubwa ya muda huo aliupoteza kwenye matengenezo na kusubiri vipuri kutoka Ujerumani.

Reli ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Mpagazi wa masafa marefu akaanza kukosa kazi. Na Tabora ukawa mji wa mafundi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani wa hapa walizingirwa, meli zao haziji. Wakageuza nazi kuwa mafuta ya magari wakayaita Trebol. Wakachanganya mpira wa mashambani na salfa wakatengeneza matairi. Na hapa Tabora, kwenye karakana ya reli, mwaka 1916 zilipigwa sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Septemba mwaka huo huo Wabelgiji wakauteka mji.

Nilimsimulia mjomba habari hizi nikidhani nitamshangaza. Akacheka. "Karakana ni karakana," akasema. "Ukijua chuma kinataka nini, utakifanyia chochote."

Lakini somo kubwa kuliko yote liko Urambo, kilometa kama 90 magharibi ya Tabora, makao ya Mirambo mwenyewe. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta mengi yalikuwa mabaki ya vita yaliyonunuliwa huku na huko. Vipuri haba, mafundi wachache, madereva waliofunzwa harakaharaka. Kabla mwaka wa kwanza haujaisha sehemu kubwa ya matrekta ilikuwa imelala kwa ubovu. Mwaka 1951 mradi ukazikwa, na zaidi ya pauni milioni 30 zikawa zimepotea. Tunapenda kusema udongo na mvua ndivyo vilivyoushinda mradi ule, na ni kweli kwa sehemu. Ila mashine isiyotunzwa nayo ilikuwemo kwenye jeneza lile.

Wazee wetu wa miaka ya 1970 na 1980 walijifunza kwa shida. Fedha za kigeni hakuna, vipuri hakuna, na Jumapili baada ya saa nane mchana magari binafsi hayakuruhusiwa barabarani ili kuokoa mafuta. Mwenye gari alilijua gari lake kama mfugaji anavyojua ng'ombe wake. Sisi wa kizazi cha magari yaliyotumika Japani tunalijua kwa rangi ya kioo na sauti ya muziki.

Nirudi kwenye mada. Basi la Mwanza lilifika na vidumu viwili vya lita nne. Mjomba akakataa katakata kuita fundi. "Leo fundi ni wewe." Na haya ndiyo niliyojifunza uani kwake, nakupa bure:

Kwanza, oili ya injini. Ile namba kama 5W-30 si urembo. Namba ya kwanza inaeleza oili inavyotiririka injini ikiwa baridi, ya pili inavyobaki nzito injini ikichemka. Injini ndogo za siku hizi njia zake za oili ni nyembamba. Ukiiwekea oili nzito ya lori la zamani, asubuhi inachelewa kufika juu, na vyuma vinasagana vikavu. Fuata kitabu cha gari, usifuate bei.

Pili, mafuta ya giriboksi. Giriboksi ya kawaida ya otomatiki inatumia ATF, na hata hiyo ina aina zake. Giriboksi ya CVT inafanya kazi kwa mkanda wa chuma unaobana katikati ya puli, na inataka mafuta yake maalumu. Ukiipa mengine, mkanda unateleza na kujila. Ndiyo yaliyonikuta.

Tatu, mafuta ya breki. Haya yanavuta unyevu wa hewani. Yakikaa miaka mingi yanachemka haraka ukiwa mteremkoni, pedali inazama hadi chini. Soma mfuniko, DOT 3 au DOT 4. Usije ukaweka oili nyingine yoyote humo, raba zitavimba na breki zitakukimbia.

Nne, rejeta. Maji matupu ya kisima yanaacha chumvi na kutu ndani. Weka kulanti. Na usifungue mfuniko injini ikiwa ya moto, utaungua uso.

Kazi yenyewe si uchawi. Tuliwasha injini dakika chache oili ipate joto, tukazima. Uwanja tambarare, magurudumu ya nyuma tumeyazibia mawe. Tukainua kwa jeki, kisha tukaweka stendi za chuma chini. Mjomba alinionya kwa sauti ambayo hajaitumia tangu nikiwa mtoto: usiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Tukafungua nati ya kumwagia, karai chini. Filta mpya tukaipaka oili kidogo kwenye raba yake, tukaifunga kwa mkono, baada ya kuhakikisha raba ya zamani haikubaki imeng'ang'ania. Nati ya kumwagia ikapata washa mpya.

Kwenye giriboksi tulipima kwa chupa kila kilichotoka, ili tujue cha kurudisha. Na kwa sababu hayatoki yote kwa mara moja, tulijaza mapya, nikazunguka mji mpaka stesheni na kurudi, tukamwaga tena, tukajaza tena. Ndiyo maana viliagizwa vidumu viwili.

Oili chafu hatukuimwaga chini. Tuliitia kwenye dumu, jirani akaja kuichukua kwa ajili ya kupaka nguzo za uzio wake, mchwa wasile.

Je, gari limepona? Nisiwadanganye. Lilinirudisha Dar bila kushtuka, lakini mlio mwembamba umebaki, ninausikia kila nikipandisha mlima. Mjomba alisema chuma kilicholika hakirudi. Nimeanza kuweka akiba ya giriboksi nyingine kabla hata mkopo wa gari haujaisha. Nilimlaumu sana fundi wa gereji njia nzima. Lakini mimi ndiye niliyekaa kwenye benchi na gazeti, na sikuuliza swali hata moja, mimi ambaye naishi kwa kuuliza maswali.

Jioni ya mwisho nilikwenda Kwihara kuliona tembe. Nilisimama pale nikawaza wale Wanyamwezi. Mpagazi alikuwa na mdomo. Akizidishiwa mzigo alisema, akinyimwa posho aligoma. Wale tembo wa Leopold hawakuwa na mdomo, wala matrekta ya Urambo, wala Vitz yangu. Asiyeweza kusema anamtegemea anayejua kumsoma.

Kwa hiyo kesho kabla hujawasha, fungua boneti. Chomoa kile kijiti, kifute, pima oili. Halafu tafuta kitabu cha gari lako, hata kama ni cha Kijapani, uone linakunywa nini. Ukikuta hujui, usione haya, niandikie, tutajua pamoja. Tena nitamuuliza mjomba.

Alamsiki.