Fangasi wa Ngozi na Safari ya Vipimo Vyao hadi Kilimanjaro

Kwa muda mrefu fangasi wa ngozi walitambuliwa kwa macho tu. Mapunye ya mtoto hujulikana kwa magamba na nywele zilizokatikia kwenye ngozi. Choa huwa na duara lenye ukingo ulioinuka na katikati iliyotulia. Tatizo ni kwamba pumu ya ngozi nayo huweza kufanana na choa. Tena mgonjwa wa Kwa Sadala huko Kilimanjaro au kwingineko aliyejipaka krimu ya steroidi kutoka duka la dawa humfikia tabibu wekundu ukiwa umefifia, huku fangasi wakizidi kusambaa chini kwa chini.

Hadubini ndiyo iliyoleta badiliko la kwanza. Mwaka 1837 Robert Remak aliona nyuzi katika magaga ya kichwa huko Berlin. Mwaka 1839 Johann Schönlein akazieleza kuwa ni fangasi, na kuanzia 1841 David Gruby akaonyesha jijini Paris kwamba ndio wanaosababisha ugonjwa. Raymond Sabouraud, aliyechapisha kitabu chake kikuu mwaka 1910, aliwaotesha kwenye chakula cha sukari na peptoni ambacho bado kinaitwa kwa jina lake.

Kwa upande wa Kilimanjaro, mji wa Moshi ulipata hospitali ya KCMC mwaka 1971. Mwaka 1992 kikafunguliwa hapo hapo kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, RDTC, ambacho kimewafundisha maafisa tabibu na madaktari kutoka nchi nyingi za Afrika. Kipimo cha msingi cha fani hiyo ni rahisi. Magamba hukwanguliwa kwa kisu kutoka ukingoni mwa choa, ambako fangasi ni wengi zaidi, huwekwa kwenye kioo na kudondoshewa potasiamu hidroksidi. Chembe za ngozi hulainika na kuwa angavu, na nyuzi za fangasi zenye matawi huonekana wazi. Kwa gharama yake ndogo, ni vigumu kupata kipimo chenye faida kubwa zaidi.

Hata hivyo, nyuzi hizo hazitaji jina la spishi, nalo lina uzito. Microsporum canis hutoka kwa paka na mbwa, na kichwani hutibika vizuri zaidi kwa dawa ya griseofulvini. Trichophyton violaceum, anayejulikana sana Afrika Mashariki, huambukizwa kati ya watu, na terbinafini humtibu kwa muda mfupi zaidi. Kosa la spishi humfanya mzazi amshughulikie paka ilhali ndugu wa mgonjwa ndio wanaopaswa kuchunguzwa. Kuotesha hutoa jina hilo, lakini huchukua wiki mbili hadi nne, muda mrefu mno kwa familia inayolipa nauli ya kushuka kutoka Machame hadi Moshi.

Njia ya vinasaba ilifunguka mwaka 1983, Kary Mullis alipobuni PCR. DNA hutolewa kwenye magamba, unywele au kipande cha ukucha, kisha hupashwa moto hadi nyuzijoto 95 hivi na kupozwa mara kwa mara, na kila mzunguko sehemu inayotafutwa huongezeka maradufu. Jibu hupatikana kwa saa badala ya wiki. Mwaka 2012 wanasayansi walikubaliana kuitumia sehemu iitwayo ITS kama alama ya kutambulisha fangasi wa kila aina. Faida ya vipimo vya vinasaba ilionekana mwaka 2020, pale Trichophyton indotineae alipopewa jina lake: kwenye chakula cha maabara ni vigumu kumtofautisha na ndugu zake, ilhali mara nyingi terbinafini haimwezi kutokana na mabadiliko katika jeni moja, na jeni hiyo husomeka kwa vipimo hivi.

Ujuzi wa kusoma vinasaba upo Moshi, katika maabara ya taasisi ya utafiti ya KCRI iliyo pamoja na KCMC, ingawa vitendanishi ni ghali. PCR pia hunasa DNA ya fangasi waliokwisha kufa, hivyo ili kuhakikisha kwamba mgonjwa amepona, kuotesha bado kunahitajika.