Peugeot 504 ama Toyota Axio? Soma hii kabla utoe doo

Mzae akianza stori za Peugeot 504, chai inapoa mezani. Na si uongo, hiyo ndai ilikuwa moto. Lakini wewe umesevu kwa jasho, unataka gari ya kwanza, na kila msee mtaani anakushow uchukue Axio. Wacha tuzipime.

Zilikotoka

504 ilizinduliwa Ufaransa 1968, na 1969 ikatajwa Gari Bora la Mwaka Ulaya. Hapa Kenya iliunganishwa hapa hapa nchini, na zile ndefu za safu tatu za viti zilipiga kazi ya matatu za masafa. Safari Rally ilibeba mara mbili: 1975 na Ove Andersson, 1978 na Jean-Pierre Nicolas.

Axio tunayoongelea ni ile ilitoka Japani 2012. Wengi wanaijua kwa teksi za kuitisha na simu. Inafika Mombasa ikiwa mtumba, na sheria haikubali iwe imepita miaka 8.

Mafuta na barabara

504 ina injini ya lita 1.8 ama 2.0, na nyingi ni za kabureta. Axio nyingi ni lita 1.5, na kompyuta ndiyo inapima mafuta. Kwa petroli, mzee anachapwa mapema. Lakini barabara mbovu ya kwenda ocha? Hapo 504 na springi zake laini inaelea, Axio nayo inakwaruza tumbo.

Fundi

504 inatengenezwa na spana chini ya mti. Noma ni kupata spea. Za Axio zimejaa Grogan, lakini gia boksi yake ya CVT inataka oili yake maalum. Fundi akikuwekea yoyote tu, umeisha.

Usalama

Hii ndiyo usiruke. 504 nyingi za huku hazina mifuko ya hewa wala breki za ABS. Mkigongana, ni wewe na stelingi. Axio inazo zote, lakini usiamini mdomo wa broka. Washa swichi: taa ya mfuko wa hewa inafaa iwake, halafu izime yenyewe. Ikikataa kuzima, ama isipowaka kabisa, kuna kitu hapo. Pengine gari ilishapata ajali, mifuko ikafunguka, na mtu akaficha taa badala ya kuweka mingine. Peleka kwa fundi wako, si wake.

Sasa uchukue gani?

Kama ni gari moja ya kazi, famo na jam ya Thika Road, chukua Axio iliyopita hiyo testi. Na kama 504 ya guka bado iko ocha chini ya mwembe, ambia mzae asiwauzie watu wa vyuma. Siku ukiomoka, hiyo ndiyo ya Jumapili.